Mwana wa Nani? Nasaba ya Seruya na Mzigo wa Neno "Mwana" katika Kiswahili

Ikisiri

Yoabu, Abishai na Asaheli hutajwa katika Maandiko ya Kiebrania kwa jina la mama yao, Seruya, na kamwe si kwa jina la baba. Makala haya yanahakiki nasaba ya mama huyo kama inavyojitokeza katika vitabu vya Samweli na Mambo ya Nyakati, na kuonesha kwamba matini hizo mbili hazisemi jambo moja. Yanadai kwamba mazoea ya kumsoma Daudi kama mjomba wa Yoabu tangu ukurasa wa kwanza yanaficha kimya ambacho msimulizi wa Samweli amekitunza, na kwamba msamiati wa udugu wa Kiswahili unaweza ama kukilinda kimya hicho ama kukivunja.

Utangulizi

Miaka kadhaa iliyopita, katika semina ya uzamili kuhusu tafsiri, mwanafunzi mmoja makini aliandika katika insha yake kwamba Yoabu alirithi ukali wa baba yake, Seruya. Nilimrudishia insha ikiwa na alama ya kuuliza pembeni, nikidhani kalamu imeteleza. Alinijia ofisini akiwa na Biblia yake ya Kiswahili mkononi, akaniomba kwa adabu nimwoneshe mahali ambapo simulizi ya Samweli inasema Seruya ni mwanamke. Nilianza kufungua kurasa nikiwa na uhakika. Ilinichukua muda mrefu kuliko nilivyotarajia, na nilipopapata mahali penyewe, palikuwa mbali sana na pale Seruya anapotajwa kwa mara ya kwanza.

Kosa lile halikuwa la mwanafunzi peke yake. Kiswahili hakina jinsia ya kisarufi. Kiambishi cha nafsi ya tatu hakibagui mume na mke, na neno "mwana" linapounganishwa na jina la mzazi haliulizi kama mzazi huyo ni baba au mama. Msomaji hujaza pengo kwa mazoea, na mazoea ya nasaba, ya Kiebrania na ya pwani yetu pia, ni kwamba jina linalofuata "mwana wa" au "bin" ni la baba. Lakini itakuwa haraka kusema kwamba Kiswahili kimepoteza kitu ambacho Kiebrania kilikuwa nacho. Kiebrania hubagua jinsia ya mwana (*ben* kwa wa kiume, *bat* kwa wa kike), ila jinsia ya mzazi huachwa kwa jina lenyewe, na jina Seruya halitoi jibu. Majina yenye mwisho wa namna hiyo huvaliwa na wanaume kama Seraya na wanawake kama Athalia. Wanakamusi wamelihusisha jina hili na neno linalomaanisha utomvu wenye harufu nzuri. Huo ni ukisio tu, na hata ungekuwa kweli usingemsaidia aliyekuwa akisikia simulizi ikisomwa.

Kwa hiyo swali la mwanafunzi lilikuwa swali la matini, si la tafsiri pekee. Ni lini msimulizi anatuambia Seruya ni nani, na kwa nini anachelewa?

Jina la mama mahali pa jina la baba

Seruya anatajwa kwa mara ya kwanza katika 1 Samweli 26:6. Daudi, angali mkimbizi, anauliza nani atashuka naye usiku hadi kambini mwa Sauli, na anayejitolea ni Abishai. Huyu anatambulishwa kwa namna mbili: ni mwana wa Seruya, na ni ndugu yake Yoabu. Yoabu mwenyewe hajaingia bado katika simulizi. Kwa maneno mengine, msimulizi anamtambulisha mtu tusiyemjua kwa kutumia watu wawili ambao nao hatuwajui. Yaelekea alizungumza na hadhira iliyoyajua majina haya tayari. Sisi tumeingia katikati ya mazungumzo.

Kumtaja mtu kwa mama yake si jambo lisilojulikana katika vitabu hivi. Adoniya huitwa mwana wa Hagithi, na orodha ya wana wa Daudi waliozaliwa Hebroni, katika 2 Samweli 3, hupangwa kwa mama zao. Sababu yake inaeleweka kwa yeyote aliyekulia katika nyumba ya wake wengi: baba akiwa mmoja na anajulikana, kinachotofautisha watoto ni mama. Jina la Hagithi haliondoi jina la Daudi, bali linalichukulia kuwa limekwisha kusemwa. Hali ya Seruya ni kinyume. Baba wa wanawe hatajwi popote, wala hakuna nyumba ya mfalme inayosimama nyuma ya jina hilo kueleza kwa nini halikuhitajika.

Maelezo ya kimya hiki ni mengi. Wapo waliosema kwamba baba alikufa mapema. Wapo waliodhani kwamba hapa kuna masalia ya ndoa ambayo mke hubaki kwao na watoto huhesabiwa upande wake, mawazo yaliyopata nguvu baada ya W. Robertson Smith kuchapisha utafiti wake kuhusu ukoo na ndoa katika Uarabuni ya kale mwaka 1885. Na wapo, nadhani ndio wengi zaidi, wanaosema tu kwamba mama alikuwa dada wa mfalme, kwa hiyo jina lake lilikuwa na uzito kuliko la mumewe. Maelezo haya ya mwisho ndiyo yanayorudiwa katika vitabu vya kiada na katika mahubiri, na ndiyo ninayotaka kuyatilia shaka. Inawezekana kabisa kwamba Seruya alikuwa dada yake Daudi. Tatizo ni kwamba maelezo haya yanachukua habari kutoka kitabu kimoja na kuipachika katika kingine, kisha yanajifanya yameikuta humo.

Kimya cha Samweli

Habari kwamba Seruya ni dada yake Daudi ipo katika 1 Mambo ya Nyakati 2:16. Sura hiyo ni orodha. Mwandishi anawataja wana wa Yese: Eliabu, Abinadabu, Shimea, Nethaneli, Radai, Osemu, na Daudi wa saba. Kisha anaongeza dada zao, Seruya na Abigaili. Wana wa Seruya ni Abishai, Yoabu na Asaheli, watatu. Na Abigaili alimzaa Amasa, ambaye baba yake ni Yetheri Mwishmaeli. Ni mistari michache, safi na iliyonyooka, na kila mtu ana mahali pake.

Usafi huo wenyewe unatakiwa kutushtua kidogo. Kitabu cha Samweli kinajua kwamba Yese alikuwa na wana wanane na Daudi ndiye mdogo wao, kwa hiyo wa nane (1 Samweli 16:10–11, 17:12). Mwandishi wa Mambo ya Nyakati ana saba, na Daudi amekaa katika nafasi ya saba, nambari ambayo wapangaji wa nasaba huipenda. Mpangilio wa wana wa Seruya nao umebadilika: 2 Samweli 2:18 inaanza na Yoabu, Mambo ya Nyakati inaanza na Abishai. Hizi si dosari za kumshtaki mwandishi kwazo. Ni dalili kwamba ana kazi yake mwenyewe, nayo ni kuwapanga Waisraeli wote, baada ya uhamisho, katika ukoo mmoja unaokutana kwa Yuda na kwa Daudi. Orodha kama hiyo haivumilii mtu mkubwa asiye na shina. Yoabu alikuwa mtu mkubwa mno kuachwa akining'inia.

Turudi sasa kwa Samweli. Katika kitabu hiki chote hakuna mahali Seruya anapoitwa dada yake Daudi, wala Yoabu au Abishai anapoitwa mtoto wa dada yake. Msomaji ambaye hajapata kufungua Mambo ya Nyakati hawezi kulijua jambo hilo. Na tusiseme kwamba msimulizi hajali mambo ya ukoo. Anapotaka, anasema waziwazi. Yonadabu, yule rafiki mwerevu wa Amnoni, anatambulishwa katika 2 Samweli 13:3 kuwa mwana wa Shimea, nduguye Daudi. Yonathani aliyemuua jitu la Gathi katika 21:21 naye anaelezwa vivyo hivyo. Hawa ni watu wadogo. Wa pili ana mstari mmoja tu. Wao wamepewa undugu na mfalme, ilhali jemadari wake, anayekaribia kuwa mhusika wa pili kwa ukubwa katika kitabu kizima, hakupewa.

Hoja ya kimya ni hoja dhaifu, tunawafundisha hivyo wanafunzi wetu, na ni haki. Lakini kimya hupata nguvu pale ambapo mazungumzo yanadai neno fulani na neno hilo halisemwi. Tazama mahali ambapo Daudi mwenyewe anawataja "wana wa Seruya". Baada ya Yoabu kumuua Abneri langoni mwa Hebroni, Daudi analalamika mbele ya watumishi wake kwamba, ingawa ametiwa mafuta awe mfalme, watu hawa ni wagumu kuliko yeye (2 Samweli 3:39). Anapomkimbia Absalomu, na Shimei akamtupia mawe na laana, Abishai anaomba ruhusa amkate kichwa, na Daudi anawauliza wana wa Seruya ana nini nao (16:10). Anaporudi mshindi, Shimei amelala kifudifudi akiomba radhi na Abishai anataka tena auawe, swali ni lile lile (19:22). Katika matukio haya mawili ya mwisho aliyesema ni Abishai peke yake, lakini jibu la Daudi limekuja kwa wingi. Yoabu hakufungua kinywa, na bado amekemewa.

Hapa ndipo ninapoona kazi halisi ya jina hili. Kinywani mwa Daudi, Seruya si mtu tena. Limekuwa jina la kambi. Ni kama sisi tunaposema "akina fulani" tukiwa na maana ya wale wenye tabia tunayoijua wote, na mmoja wao akikosa tumekwisha kuwahesabia wote. Mjomba aliyechoshwa na wapwa zake angekuwa na lugha nyingine ya kusemea uchovu huo, na hasa angekuwa na haki ya kuwatuma, kuwakaripia na kuwanyamazisha. Daudi wa matukio haya anasema kama mtu asiye na haki hiyo. Anauliza ana nini nao. Tukimsomea "mjomba" mahali hapa, swali lake linageuka kuwa uongo au mzaha, kwa sababu jibu liko wazi: una dada yako nao.

Pingamizi moja ni zito na sitaki kulipita. Baada ya Absalomu kufa, Daudi anamtumia Amasa ujumbe akimwita mfupa wake na nyama yake, na kumwahidi cheo cha Yoabu (19:13). Je, huo si undugu wa damu, na Amasa si mtoto wa Abigaili, dada yake Seruya? Ni kweli. Lakini mstari mmoja kabla ya hapo Daudi amewaita wazee wa Yuda wote kwa usemi huo huo, na katika 5:1 makabila yote ya Israeli yalikuwa yamejiita hivyo mbele yake. Ni usemi wa mapatano ya kisiasa uliovaa nguo za ukoo. Hata kama kwa Amasa una damu ndani yake, jambo la kuzingatia ni nani hakuambiwa. Yoabu aliyempigania tangu Gibeoni hakuitwa mfupa wala nyama hata siku moja. Naye Yoabu, atakapomshika Amasa ndevu kama anayetaka kumbusu, na upanga uko katika mkono wa pili, atamwita "ndugu yangu" (20:9). Katika kitabu hiki maneno ya udugu husikika vizuri zaidi karibu na damu inayomwagika.

Abigaili, Nahashi na Ithra

Mahali nilipokuwa nikipatafuta siku ile ofisini ni 2 Samweli 17:25. Absalomu amemweka Amasa mahali pa Yoabu, na msimulizi anasimama kueleza Amasa ni nani: ni mwana wa mtu aitwaye Ithra, Mwisraeli, aliyeingia kwa Abigaili, binti wa Nahashi, dada wa Seruya, mama wa Yoabu. Hapa ndipo, baada ya kampeni nyingi na maiti nyingi, tunaambiwa kwamba Seruya ni mama. Na papo hapo mstari unafungua mashaka matatu.

La kwanza ni kabila la Ithra. Kumtaja mtu wa Israeli, katika simulizi ya Israeli, kuwa ni Mwisraeli ni kusema kitu kisichohitajiwa na yeyote. Mambo ya Nyakati inasema Mwishmaeli, na Kodeksi ya Alexandria ya Kigiriki inasoma vivyo hivyo katika Samweli. Kwa maandishi ya Kiebrania yasiyo na irabu maneno haya mawili yanatofautiana kwa konsonanti chache tu za katikati. Nakubaliana na wanaosema Mwishmaeli ndilo neno la awali. Ni rahisi kueleza kwa nini mwandishi wa nakala angemgeuza mgeni kuwa mwenyeji, na ni vigumu kueleza kinyume chake.

La pili ni Nahashi. Kama Abigaili ni binti wa Nahashi, na Seruya ni dada yake, basi baba yao si Yese. Wafafanuzi wamejitahidi. Wengine wamesema Nahashi ni jina la mke wa Yese, ingawa akina Nahashi wengine tunaowafahamu ni wanaume. Wengine wamesema mama wa mabinti hawa aliolewa kwanza na Nahashi, kisha na Yese, kwa hiyo ni dada zake Daudi kwa upande wa mama. Wazo hili lina faida ya kueleza kwa nini wana wa Seruya wanaonekana kuwa rika la Daudi, ambaye alikuwa kitinda mimba. Baadhi yao wakaenda mbele na kumfanya kuwa Nahashi mfalme wa Waamoni, aliyemtendea Daudi wema usioelezwa (10:2). Talmud ya Babeli, katika risala ya Shabbat 55b, ina jibu ninalolipenda kuliko yote: Nahashi ni Yese mwenyewe, kwa kuwa neno hilo maana yake ni nyoka, na Yese ni mmoja wa watu wanne waliokufa bila dhambi yao wenyewe, kwa shauri la nyoka tu. Kama historia halishawishi. Kama usomaji ni la ajabu, maana linakiri kwamba jina lile haliwezi kufutwa na linatafuta namna ya kuishi nalo.

Wahakiki wa matini huchukua njia fupi. Mistari miwili baadaye, katika 17:27, anatokea Shobi mwana wa Nahashi, mtu wa Waamoni, na jicho la mwandishi wa nakala lingeweza kuruka na kulileta jina hilo juu. Baadhi ya miswada ya Kigiriki ina Yese mahali hapo. Hoja ni nzuri, ila inakuwa nzuri kupita kiasi: inafuta ugumu wote na kutuachia nasaba inayolingana na Mambo ya Nyakati, jambo ambalo mnakili yeyote aliyeijua Mambo ya Nyakati angeweza kulifanya pia. Kwa kanuni ile ile iliyotufanya tumwamini Mwishmaeli, tunapaswa kumstahimili Nahashi.

Shaka la tatu ni dogo, nalo linatuhusu moja kwa moja.

Ndugu, dada, umbu

Mfasiri wa Kiswahili akifika katika mstari huu ana maneno matatu ya kueleza uhusiano wa Abigaili na Seruya. Akichagua "ndugu", anabaki mwaminifu kwa ukoo lakini jinsia ya wote wawili inategemea neno linalofuata. Akichagua "dada", Abigaili anajulikana ni wa kike, na Seruya bado anasubiri kuitwa mama. Neno la tatu ndilo lenye mtego. Tafsiri ya 1952 ililitumia sana "umbu", kwa mfano pale Abramu anapomwomba Sarai ajiseme kuwa ni umbu lake. Katika Kiswahili cha asili umbu si dada wa mtu yeyote. Ni ndugu wa jinsia nyingine: dada kwa kaka yake, kaka kwa dada yake. Kwa Abramu na Sarai neno limekaa mahali pake barabara. Lakini mfasiri akisema kwamba Abigaili ni umbu la Seruya, kwa msikilizaji mzee wa Lamu au Mombasa atakuwa amemfanya Seruya kuwa mwanamume. Katika 1 Mambo ya Nyakati 2:16, kwa upande mwingine, Seruya na Abigaili ni maumbu ya wana wa Yese bila kasoro yoyote. Neno moja linasema kweli katika kitabu kimoja na uongo katika kingine, kwa sababu kitabu kimoja kinawahesabu wanawake hawa kutoka kwa kaka zao na kingine kinamhesabu mwanamke kutoka kwa mwanamke mwenzake.

Sidhani kama kuna ushahidi mzuri zaidi wa tofauti ya nasaba hizi mbili. Mwandishi wa Mambo ya Nyakati anawatazama Seruya na Abigaili akiwa amesimama kwa Daudi. Samweli 17:25 inamfikia Abigaili kupitia kwa Seruya, na Seruya kupitia kwa Yoabu. Daudi hayumo kabisa. Kinachoelezwa pale si kwamba mfalme amesalitiwa na mpwa. Kinachoelezwa ni kwamba Yoabu atapigana na mtoto wa mama yake mdogo, au wa mama mkubwa, hatuambiwi.

Ndiyo maana ninapinga desturi ya kuongeza maelezo "dada yake Daudi" baada ya jina la Seruya, iwe katika tanbihi za Biblia za masomo au katika muhtasari wa wahusika tunaowapa wanafunzi. Mwanafunzi wangu alikosea alipoandika "baba yake". Lakini kosa lake lilimwacha katika hali ambayo msimulizi alitaka msikilizaji wake awe nayo kwa sura nyingi: analijua jina, analisikia likitajwa kwa woga, na hajui ni la nani. Maelezo ya ziada yangemwondolea kosa na hali hiyo kwa pamoja. Ningependelea tanbihi isubiri hadi 17:25, na ikifika iseme yote, pamoja na Nahashi.

Konsonanti nazo zinadai neno. Kiebrania kina herufi tofauti kwa sauti ya mwanzo ya Seruya na ile ya Seraya. Tahajia ya Kiswahili imeziweka zote chini ya "s", na si rahisi kuona ingefanya nini kingine. Matokeo yake ni kwamba Yoabu mwana wa Seruya anakaribiana mno na Yoabu mwingine, mwana wa Seraya, wa ukoo wa Kenazi, anayetajwa katika 1 Mambo ya Nyakati 4:14. Huyu wa pili ana baba na anahusishwa na bonde la mafundi. Nimesoma tasnifu iliyowaunganisha. Mtahini mwenzangu hakuona, nami niliona kwa bahati tu.

Kaburi la Bethlehemu

Baba wa Yoabu ameacha alama moja. Asaheli, mwepesi wa miguu kama paa, alimfuata Abneri hadi akauawa kwa ncha ya nyuma ya mkuki, na wenzake wakamchukua wakamzika katika kaburi la baba yake, lililokuwa Bethlehemu (2 Samweli 2:32). Mtu huyo alikuwa na kaburi, tena katika mji wa Yese, na wanawe walijua lilipo. Jina halipo. Yosefo, akiandika mwishoni mwa karne ya 1 BK, hakuweza kulivumilia pengo hilo akamwita Suri katika kitabu cha saba cha historia yake ya kale ya Wayahudi. Jina hilo linafanana na Seruya kwa sauti kiasi kwamba naona ni vigumu kuamini lilitoka mahali pengine.

Yoabu hakuzikwa huko. Solomoni alipomtuma Benaya amuue akiwa ameshika pembe za madhabahu, walimzika nyumbani kwake, nyikani (1 Wafalme 2:34). Katika maagizo ambayo Daudi alikuwa amempa Solomoni kuhusu kifo hicho, Yoabu ametajwa kwa jina la mama yake, kama kawaida, na neno la udugu halimo.